Aliyekuwa Ndani ya Kompyuta ya Gari

Kompyuta ile ya gari ilikuwa na joto. Gekara aliiweka juu ya meza yake ya kazi, akaondoa mkono, kisha akaigusa tena kwa mgongo wa vidole, kama mtu anayempima mtoto homa. Ilikuwa imeng'olewa kwenye gari, haina waya hata mmoja, na asubuhi hiyo baridi ya Sosiot ilikuwa inauma.

Antony, aliyeileta kutoka Londiani, hakutaka kuingia. Alisimama mlangoni, mabega yamelowa manyunyu, akaeleza kwamba gari lenyewe ni vani aliyoinunua pwani, na kwamba inajiwasha. Gekara alipotaka kujua mwenye gari wa kwanza alikuwa nani, Antony alimkata.

"Tengeneza. Maswali wacha."

Akaenda zake bila kuaga.

Gekara alichukia kusemeshwa hivyo. Alijulikana mpaka Roret kwa kufufua kompyuta za magari zilizowashinda mafundi wengine, na watu walizoea kumwomba kwa adabu. Alikata gundi ya kifuniko, akafungua. Harufu ikampanda puani: udi, mzito na mtamu, na chini yake kitu kama nywele zinazoungua. Bodi yenyewe ilikuwa safi, haina kutu wala alama ya moto.

Kando yake palikuwa na kompyuta ya gari la jirani yake, Kipkirui. Chipu inayoamuru plagi zitoe cheche ilikuwa imeungua, na nyingine ilikuwa haijafika kutoka Nairobi. Winny, mke wa Kipkirui, alikuwa karibu kujifungua, na mumewe alipita kila mara kuuliza kama gari liko tayari. Chipu ya Antony ilikuwa ya aina ileile. Gekara akaona mtu mwenye kiburi vile anaweza kungoja. Akaipasha moto, akaibandua, akaihamishia kwenye bodi ya Kipkirui, wala hakumwambia mtu. Alipoirudisha kwenye gari, likawaka mara moja, likanguruma laini kuliko lilipokuwa jipya. Aliporudi mezani, ile kompyuta ya Antony ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Antony alirudi kesho yake baada ya chakula cha mchana, mawingu meusi yamekalia mashamba ya chai. Hakungoja maelezo. Aliigusa ile kompyuta, akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga mabati.

"Imepoa," alisema chinichini. "Hayuko hapa. Umemweka wapi?"

Gekara alikana kwanza. Ndipo Antony, macho yakiwa mlangoni, akanong'ona kwamba vani ile ilimfungia ndugu yake ndani, joto likapulizwa mpaka akafa. Kwamba mzee mmoja wa pwani alimwambia kuna jini ndani ya kompyuta yake, na jini huyo haondoki mpaka mtu amkaribishe kwake kwa mdomo wake mwenyewe.

"Nilidhani atakuzoea wewe, aniache mimi," akasema, bila hata kuomba msamaha.

Gekara akampigia Kipkirui; simu iliita bila kushikwa. Nyanchoka, mke wa Gekara, aliyekuwa akishona nguo chumba cha pili huku mtoto wao akicheza miguuni pake, ndiye aliyemwambia kwamba Winny ameshikwa na uchungu na wameshaondoka kwenda hospitali Kericho. Gekara akachukua nyundo, akapanda pikipiki.

Alilikuta gari katikati ya michai, ukungu umeshuka, mvua ya mawe inaanza. Kipkirui alikuwa nje, viganja vinatoka damu kwa kupiga vioo. Gari lilizima, akashuka kuangalia, milango ikajifunga nyuma yake. Sasa injini ilikuwa inanguruma, na ufunguo alikuwa nao mkononi.

Gekara akapiga kioo, nyundo ikamrudi kama imegonga mpira, akapiga tena na tena, na ndani mvuke ulikuwa umejaa mpaka hakuona kitu ila kiganja cha Winny kikiteleza polepole kwenda chini, na harufu ya udi ikawa inavuja kwenye kila upenyo pamoja na joto lililofanya mawe ya mvua yayeyuke kabla ya kugusa boneti, na honi ikaanza kulia, mlio mwembamba, mrefu, unaopanda na kushuka kama mtu anayecheka amefunga mdomo. Akainua boneti. Akaing'oa kompyuta aliyoifunga kwa mikono yake, akaitupa kwenye michai.

Injini haikuzima.

Kipkirui alipiga magoti kwenye tope, akamwomba Mungu kwa Kipsigis. Honi ikanyamaza, na kwenye redio ikatoka sauti ya mwanamume, ya upole, isiyo na haraka.

"Wanitoa huku, wanipeleka wapi?"

Jina la Antony lilimjia Gekara ulimini. Angelitaja kwa furaha. Lakini Antony alikwisha sema mtu hukaribisha kwake mwenyewe, si kwa mwingine, na kiganja cha Winny hakikuonekana tena. Akainama mpaka midomo ikagusa chuma cha moto.

"Mwache huyo," akanong'ona. "Njoo kwangu."

Milango ikafunguka yote kwa pamoja. Winny alimwangukia mumewe mikononi, amelowa jasho, anahema. Kabla ya jioni akajifungua salama hospitalini, mtoto wa kike. Kipkirui alimwita Gekara ndugu yake mbele ya watu. Gekara hakumweleza yeyote alichokisema pale barabarani, hata mkewe.

Jumapili, walipotoka kanisani, Nyanchoka alipika ugali wa wimbi na mboga, akamwita mumewe mezani. Gekara alikuwa amekaa karibu na jiko, mikono yake iko juu ya makaa, ngozi inatoa moshi, naye hana habari. Mtu huyu alizaliwa Kisii, akakulia Sosiot, hajawahi kuiona bahari, na Kiswahili chake kilikuwa cha gereji. Akageuza uso, akatabasamu.

"Ahsante, bibi," akasema taratibu, kila neno limenyooka. "Mumeo keshashiba. Leo nala miye."

Nyanchoka akaweka sahani chini, akamwinua mtoto, akatoka nje na ndara moja tu mguuni.