Pua ya Serikali, Macho ya Mwenye Baa

Bombapua lilimnusa mfanyabiashara mmoja mnene, kisha likajifunga. "Samahani, baba. Umefika kikomo. Karibu maji," likasema kwa adabu, na baa nzima ikaangua kicheko. Hapakuwa na ugomvi wala hongo. Katika mji wa Moshi Mpya kila kaunta ilikuwa na mashine hiyo: mnunuzi anaipulizia pumzi, nayo inapima kilevi kilichomo mwilini kabla ya kufungua koki. Ikiwaka taa ya kijani, unamiminiwa. Ikiwaka nyekundu, nenda kalale.

Aikande Msuya, mkaguzi wa vileo, alikuwa mmoja wa wataalamu walioibuni, na siku zote alijivuna nayo. Leo aliitazama kwa hasira. Mlangoni alisimama Mama Ndelilio, aliyemzika mwanawe juzi. Ndelilio, mwalimu kijana, alifia kwenye kiti cha baa hiihii siku aliyokuwa akisherehekea kupandishwa cheo. Pombe kali ilimzidi, pumzi ikakatika.

"Mashine ni nzima, Mkaguzi," alisema Bwana Temba, mwenye baa, akigusa kioo cha kumbukumbu. "Marehemu alinunua glasi moja tu, taa ikawa ya kijani. Nyingine zote zilikuwa ofa."

Aikande akaelewa, na damu ikamchemka. Ofa! Nani asiyeijua ofa? Rafiki akikuletea glasi mezani, kuikataa ni kumvunjia heshima mbele za watu. Wenzake Ndelilio walikwenda kaunta mmoja mmoja, wakapuliza, kila mmoja akapata kijani yake, na kila glasi ikaishia mbele ya mwalimu. Mashine ilimnusa mnunuzi. Mnywaji hakunuswa na yeyote. Wataalamu wazima, na shahada zao ukutani, walitengeneza mashine ya mtu anayekunywa alichojinunulia, katika mji ambao sherehe haiendi hivyo hata siku moja!

"Wewe ulimwona?" Aikande aliuliza.

"Nilimwona. Hata kichwa kilimshinda kuinua. Wenzake ndio waliomshikia glasi."

"Na ukaendelea kuuza."

"Taa ilikuwa ya kijani, mama. Ningekataa kwa sheria gani?"

"Kwa ileile ya zamani!" Aikande alipiga kaunta kwa kiganja. "Ni marufuku kumhudumia mtu aliyelewa. Haijafutwa hata nukta. Serikali ilikuongezea pua, Bwana Temba, haikukung'oa macho. Ulimwangalia mtoto wa watu akifa, wewe ukaangalia taa!"

Aikande akaweka kidole gumba kwenye paji la bombapua. Koki zote zikajifunga, na leseni ya baa ikafutika kwenye kioo.

"Tutaonana mahakamani," alisema, kisha akamgeukia mama. "Najua hii haimrudishi, mama."

"Haimrudishi, mwanangu. Ila pengine itamwokoa mtoto wa mwenzangu."

Wateja waliinuka wakinung'unika, starehe yao imeharibika. Walipofika mlangoni wakampisha Mama Ndelilio kwa heshima.

"Shikamoo, mama. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba, wanangu. Nimeshapoa."

Wakatoka. Mmoja wao akanyoosha kidole kwenye baa ya ng'ambo ya barabara.

"Twendeni pale," akasema. "Leo ofa ni yangu."