Damu Nayo Ina Gundi Yake

Katika karakana nyuma ya nyumba, mume, Fundi, alikata mbao, mke akaunga viti. Wateja walimwita Mama Gundi. Akishaunga mguu wa kiti, ole wake atakayeugusa kabla haujashika!

Asubuhi moja msumeno wa umeme uliteleza, ukampasua Fundi paja. Damu ikabubujika. Shemeji, mdogo wake Fundi, alikandamiza kitambaa, lakini kila mara alikifunua achungulie kama damu imekoma. Mama Gundi alimmwagia mumewe maji baridi asije akazimia. Fundi akaanza kutetemeka. Damu iliyokuwa imeanza kuganda sasa ilitoka nyepesi.

Jirani yao muuguzi alisikia kelele, akaja mbio.

"Usifunue! Kitambaa kikilowa, weka kingine juu yake, ukandamize kwa nguvu. Dada, acha maji! Mvue hilo shati lililolowa, lete blanketi."

Wakampakia kwenye gari lao la kubebea mbao, moja kwa moja hospitali.

Walipokuwa wakisubiri nje ya chumba cha upasuaji, Mama Gundi alikuwa roho mkononi. Hata hivyo swali lilimkereketa.

"Mbona mwanzo damu iliganda, halafu ikawa kama maji?"

"Damu ina vitu vyake vya kuigandisha," muuguzi alisema. "Jeraha kubwa linaweza kuvimaliza haraka. Tena mtu akipoteza damu nyingi mwili unapoa, na kwenye baridi vitu hivyo vinazembea. Damu isipoganda inatoka zaidi, na mwili unazidi kupoa."

"Kama gundi yangu! Ikipata baridi haishiki."

"Na ukiufunuafunua muungo?"

Machozi yakamtoka Mama Gundi. "Kumbe nilikuwa najua, ila sikujua kama najua."

"Usijilaumu. Humo ndani wanashona mshipa. Wanampa damu iliyopashwa joto, na vile vitu vya kugandisha."

Jioni waliruhusiwa kumwona. Fundi alikuwa amefunikwa mpaka kidevuni, tayari analalamika.

"Mke wangu, naiva humu. Nifunue kidogo tu."

"Thubutu!" Mama Gundi alicheka huku analia.

Siku hizi blanketi safi na vitambaa vimetundikwa kando ya msumeno. Shemeji naye amejifunza kukandamiza bila kuchungulia. Mteja akiuliza blanketi la nini kwenye joto lote hili, Fundi hujipigapiga paja lenye kovu.

"Muulize mke wangu," husema. "Hata mimi nimeungwa, kama viti vyake."