Chupa ya Wifi

Mama Cherehani alikuwa fundi wa nguo, na mdomo wake ulienda kasi kuliko mashine yake. Lakini miezi minne ilikuwa imepita hajambeba mjukuu wake. Ngiri ilikuwa imejitokeza kitovuni, na akibeba kitu kizito inamuuma. Mtoto akinyoosha mikono, bibi anajifanya anatafuta sindano. Roho ilimuuma.

Bahati nzuri, akapangiwa upasuaji. Wiki moja kabla, wifi yake akaja na chupa ya chai.

"Wifi, hiyo nusu kaputi inaharibu ini! Kunywa hii. Manjano, mizizi na majani. Vikombe vitatu kwa siku."

"Mbona inanuka kama soksi?"

"Kunywa, acha maringo!"

Akanywa, huku amebana pua.

Siku tatu kabla ya upasuaji, wakaenda wote hospitali. Mtaalamu wa dawa za usingizi akauliza, "Mama, unatumia dawa yoyote?"

"Situmii hata kidonge kimoja!"

Hakudanganya makusudi. Kwake yeye, dawa ni ya hospitali. Ya wifi ilikuwa chai tu.

"Na chupa je?" Wifi akadakia, akiitoa mkobani. "Manjano na mizizi, ya kulinda ini na nusu kaputi. Leo hajamaliza!"

Mtaalamu akafungua chupa, akanusa, akakohoa. Kisha akacheka.

"Wifi ana nia njema. Ni kweli baadhi ya dawa za usingizi zinaweza kudhuru ini, ila ni mara chache sana. Na watafiti wanachunguza kama mimea, hata manjano, inaweza kulilinda. Lakini majaribio mengi bado ni ya panya. Kipimo cha binadamu hakijajulikana. Manjano ya mchuzi hayana neno. Ukichemsha mengi namna hii, ukachanganya na mizizi, unaweza kuumiza ini lenyewe, au damu ikachelewa kuganda. Fundi, kitambaa kigeni unakikata papo hapo?"

"Thubutu! Nakiloweka kwanza nione kama kitasinyaa."

"Basi na sisi ndivyo tunavyofanya."

Damu ikapimwa. Ini lilikuwa limeanza kuathirika kidogo. Upasuaji ukasogezwa mbele wiki mbili, na chai ile ikapigwa marufuku. Mama Cherehani akalia pale pale kwenye benchi. Wifi naye akalia kumshinda.

"Nimekuponza, wifi yangu!"

"Nyamaza, wewe. Mimi ndiye niliyeulizwa nisiitaje chai."

Baada ya wiki mbili, damu ikapimwa tena. Safi! Akapasuliwa. Alipozinduka, neno la kwanza lilikuwa, "Wifi hajaja na chupa?" Wauguzi wakacheka.

Akaambiwa asibebe kitu kizito kwa wiki sita. Kila wiki ikipita, anachora mstari ukutani kwa chaki yake ya kushonea. Mstari wa sita ulipochorwa, daktari akamkagua, akamruhusu.

Wifi akaingia na chupa. Mama Cherehani akamkazia macho.

"Maji!" Wifi akapiga kelele. "Haki ya Mungu ni maji!"

Mtoto akanyoosha mikono. Safari hii bibi hakutafuta sindano. Akainama, akamnyanyua, akamkumbatia huku machozi yakimtoka.

"Mjukuu wangu! Mbona umekuwa mzito hivi?"