Mheshimiwa Aliyesema Ndiyo Usingizini

Ndugu zangu, mtaani kwetu alikuwepo wakili tuliyemwita Koma, kwa kuwa aliposoma hakuruka hata koma. Hata karatasi ya dawa ya kikohozi aliimaliza yote kabla ya kufungua chupa, mgonjwa akiendelea kukohoa. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwenye banda la kushonea mbele ya nyumba yao, kando ya barabara. Jioni mume alisoma, mke alishona, na mimi jirani yao niliwaonea wivu.

Tukamchagua kuwa mbunge. Tulisema huyu hapitwi na kitu. Kumbe viti vya bungeni ni laini. Koma akaanza kusinzia, na Spika akiuliza wanaoafiki, alizinduka, akasema "Ndiyo" kwa sauti nene, kisha akarudi usingizini. Tulimwona kwenye televisheni tukacheka mpaka machozi. Tulicheka, jamani, badala ya kumuuliza anaafiki nini.

Siku moja maofisa wa barabara wakaja kuchora alama nyekundu ya X kwenye banda. Mkewe alimngoja mlangoni na nakala ya sheria mpya mkononi.

"Baba watoto, hii uliipitisha wewe?"

"Tuliipitisha wote. Ni ya kupendezesha miji."

"Kifungu cha tisa kinasemaje?"

"Kinasema... mambo hayo hayo ya kupendeza."

"Kinasema mabanda yote ya kando ya barabara yavunjwe. Na banda hili ndilo lililokulipia ada ukasomea uwakili."

Koma akavaa joho lake la zamani la uwakili, akaenda mahakamani kulitetea banda. Alidai kwamba Bunge halikukusudia kuwaumiza mafundi. Jaji akamtazama juu ya miwani.

"Wewe ulikuwemo. Bunge lilikusudia nini?"

Koma alijikuna shingo. "Mheshimiwa Jaji, nilikuwa nimelala."

Watu wote waliangua kicheko, isipokuwa mkewe.

Banda lilivunjwa Jumatatu. Sasa cherehani nne zimo sebuleni, na wageni wa mheshimiwa husubiri wamesimama, maana makochi yamejaa nguo. Wateja wengi wamehama. Mkewe akimsemesha, ni kumwambia asogeze miguu.

Funzo

Kiongozi anayepitisha asichokisoma huwaumiza watu, hata wa nyumbani kwake. Lakini nasi tuliompa kura tusijitoe lawamani. Mbunge wako akilala, mwamshe, usimcheke. Mimi nilicheka kuliko wote, na mpaka leo naona aibu kumtazama yule mama usoni.