Ukili wa Bibi Mize

Zamani kidogo, dada yangu Zuwena alikuwa na miaka saba.
Mimi nilikuwa mtoto mchanga. Nilinyonya, nikalala, nikalia: nyaa, nyaa!

Nyumbani kwetu, kila mtoto alishonewa mkeka wake mdogo.
Bibi Mize ndiye aliyesuka ukili, ule mkanda mrefu wa miyaa, majani makavu ya mkindu, unaoshonwa kuwa mkeka.

Lakini Bibi Mize alikuwa amefariki.
Kilibaki kipande kimoja tu cha ukili wake, kimening'inia ukutani.

Kaka Hamadi akakitazama, akacheka.
"Huo utatosha mkeka wa paka!"

"Mdogo wangu si paka!" akasema Zuwena. "Atapata mkeka sawa na wako."

"Wangu ulichakaa zamani, na wako pia. Utajuaje ulikula ukili kiasi gani?"

Machozi yakamlengalenga Zuwena.

"Usilie, mwanangu," akasema Mama. "Anza na kilichobaki, urudi nyuma."

*Nyuma, nyuma, turudi nyuma.
Ukili wa Bibi, ulikuwaje?*

Shangazi Sabiha akaushusha ukili, akanyoosha mikono yake miwili, akaupima.
"Pima moja. Pima mbili. Umekwisha."

"Na kabla ya hapo, Shangazi?"

"Bibi alikata nusu, akanishonea mimi kapu. Nusu ya pili ndiyo hii."

Zuwena akafikiri.
"Nusu na nusu ni sawasawa. Kapu lilikula pima mbili. Mbili na mbili... nne!"

*Nyuma, nyuma, turudi nyuma.
Ukili wa Bibi, ulikuwaje?*

"Na kabla ya hapo?"

"Ukili ulikuwa mzima. Bibi alikata nusu, akamshonea Hamadi mkeka. Wako alikushonea kwa ukili mwingine."

"Nusu iliyobaki ilikuwa pima nne," akasema Zuwena polepole. "Basi mkeka wa Hamadi nao ulikula nne!"

Akarukaruka.
"Tunazo mbili. Tusuke mbili nyingine!"

Hamadi akakuna kichwa.
"Haya, nipe miyaa."

Wakasuka. Kacha, kacha, kacha.

"Hamadi! Wako unapinda kama nyoka. Fumua!" akasema Zuwena.

Akafumua. Akasuka tena. Kacha, kacha, kacha.

Siku nyingi zikapita. Shangazi akapima: mbili kamili.
Akauunga ukili mpya na ule wa zamani, akashona.

Upande mmoja wa mkeka ulikuwa wa kahawia. Hiyo ni kazi ya Bibi Mize.
Upande wa pili ulikuwa mweupe. Hiyo ni kazi yao.

Jua likazama. Zuwena akanibeba, akanilaza taratibu.

"Kichwa kwa Bibi," akanong'ona. "Miguu kwetu."

Wanasema sikulia hata kidogo.