Udongo wa Gracien

Hii habari alinielezea Mama Tshiela mwenyewe, na huyo hadanganyi, labda juu ya miaka yake tu.

Mutoto wake Gracien alifunikwa na shimo la madini kule Kasulo, telefone ikiwa mufukoni. Habakumutoa. Basi mama akachota udongo wa pale, aende kuuzika kwao Lubudi. Lakini mwenye kubeba ule udongo asigeuke nyuma, ama marehemu atarudi mu shimo.

Mukwe wake Jeancy alimupeleka na motokari, akijisifu na telefone yake mupya: inasikia telefone zingine, inaonyesha kila mutu amekaa wapi.

“Ona, mama. Hii pointi ni mi. Hii ni weye.”

Mu njia mvua ikaleta giza muchana. Pointi ya tatu ikawaka, kiti cha nyuma. Jina: Gracien.

“Tata Jeancy, geuka weye, uangalie!”

“Mama, mi naogopa.”

Mama akakumbatia udongo, macho mbele. “Gracien, ni weye?”



Halafu, nyuma ya mugongo wake, mukaba wa usalama wa kiti ukavutwa polepole, ukafungwa: kla.