Wingu la Saa Sita

Mwaka ule wa 1968 jua la Bwera lilikuwa kali hata kuku walitaga mayai yaliyokwisha kuiva. Chini ya jua hilo, siku ya soko, Tabisa mwenye gauni la njano alirudi kinyumenyume kuwapisha wabeba ndizi, akagonga kamera ya miguu mitatu. Mwenyewe aliidaka kabla haijagusa vumbi: Hilaire, mpiga picha wa kutoka Butembo, shati jeupe, kofia upande.

"Dada, unataka kuua mutoto yangu?"

"Mtoto gani iko na miguu tatu?"

Tangu hapo kila soko Tabisa alipita kumjulia hali mtoto huyo. Hilaire alimfundisha siri za kazi: jua la asubuhi na la jioni huja kwa upande, likaupapasa uso, la saa sita humwagika utosini, macho yakawa mashimo. Na mtu asisimame mbele ya nguzo, itamwota kichwani kama pembe. Tabisa alicheka hadi akasahau chumvi aliyotumwa.

Kisha Asanasio, karani wa Kasese, akataka kuona picha ya Tabisa kabla ya kuleta mbuzi wa mahari. Baba yake Tabisa, mzee Yonasani, akampeleka binti kwa Hilaire. Tabisa alitangulia kumnong'oneza mpiga picha.

"Unipige mbaya kabisa. Akikataa, unakuja wewe kwa baba."

"Sheri, mupenzi yangu, itakuwa mubaya, hata wewe utaikimbia."

Saa sita, mbele ya nguzo ya soko. Filamu ilibaki picha moja tu. Nyingine ingetoka Kampala. Mashimo yalikuwepo usoni, pembe ilikuwepo kichwani. Hilaire akafumba jicho moja. Hapo wingu likateremka kutoka Rwenzori, likamwaga mwanga laini kama maziwa. Tabisa akasogea, akageuza uso kulitazama. Nguzo ikabaki pembeni. Wingu lingepita, angeweza kungoja. Kidole hakikungoja.

Mzee Yonasani aliichukua picha ikiwa bado na maji. Wanasema huko Kasese makarani waliacha mihuri hewani kuitazama. Asanasio akaja na mbuzi wa kuziba barabara hadi Kikorongo. Tabisa, akidhani Hilaire hakumtaka, alijitetea mwenyewe: akampokea mgeni uani, jua la utosini, mgongo kwenye nguzo ya kamba ya nguo, amenuna. Asanasio alimtupia jicho, akairudia picha yake, akasema ameridhika.

Asubuhi ya kuondoka, mizigo ikipakiwa juu ya basi la Kasese, Tabisa alimwendea Hilaire.

"Kama hukunitaka, si ungesema?"

"Mukono ilinikatala, sheri."

"Ungefumba macho basi."

"Nilifumba moja. Ile ingine ndo ilikuona."

Tabisa akaushika mguu wa kamera, kama anayeaga mtoto. "Umlee vizuri," akasema, akapanda.

Kutoka dirishani jua lilimjia kwa upande, kama alivyofundishwa. Filamu mpya ilikuwa imefika. Safari hii Hilaire alifumba macho yote mawili.